Mgongo Wangu na Mgongo wa Mama Rena

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali sakafuni kwa sababu kitanda kimekukataa, basi ni wewe ninayekuandikia. Mimi nililala hivyo tangu mavuno ya kahawa mpaka mvua za vuli. Sasa naweza kukaa na kuandika kama nusu saa, halafu nasimama, nazunguka nyumba mara mbili, narudi kwenye daftari. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo utanisamehe nikizunguka na maneno pia. Habari za pingili na mishipa sizijui vizuri. Daktari alinieleza nikaitikia kama nimeelewa. Ninachojua ni jinsi inavyouma, na jinsi nilivyompata mwalimu mzuri wa yoga, nikamkimbia kwa wivu. Wivu wenyewe nilimwonea mke wangu. Nilitaka kuliruka jambo hilo, lakini nikiliruka hutaelewa kwa nini nilichagua vibaya.

Siku maumivu yalipoanza, mawingu yalifunga ghafla na kahawa ya maganda ilikuwa imeanikwa uani. Tukaizoa haraka kwenye magunia. Niliinua gunia kama nilivyoinua magunia miaka yote, na kiuno kikaachia. Sikuanguka. Nilibaki nimeinama, nimeshika gunia, mvua inanipiga, na mke wangu ananiambia niingie ndani. Nikamjibu kwa ukali kwamba naingia. Sikuweza kupiga hatua. Yeye ndiye aliyeniingiza, kisha akarudi kuingiza na magunia.

Maumivu yalishuka kwenye paja la kushoto, yakapita nyuma ya goti, yakafika unyayoni. Baadaye unyayo ukafa ganzi. Siku moja nilitembea kutoka nyumbani hadi barabarani, watu wananisalimia huku wanacheka, kumbe kandambili ya kushoto ilinitoka mguuni tangu mlangoni na mimi sikujua. Mwili wangu ukapinda upande mmoja kama mgomba uliozidiwa na mkungu kabla haujawekewa nguzo. Paja likakonda. Suruali ya kanisani ilikaa vizuri mguu mmoja, mguu wa pili ikapepea.

Hospitalini Nyakahanga tulikuwa tunafika mapema, mke wangu na mimi, kwa mwendo wa pole, maana bodaboda ilinirusha nikalia mbele ya dereva mwenye umri wa mwanangu. Mtu mwenye ugonjwa huu hawezi kukaa kwenye benchi la kusubiri. Nilisimama nimeegemea ukuta karibu na mlango wa daktari. Mama mmoja akanifokea, "Wewe mzee, sote tuna namba hapa. Kusimama mlangoni hakukutangulizi!" Nikamweleza. Akanitazama mguu, akafungua kitambaa chake akanipa kahawa ya kutafuna, punje nne. Tukatafuna pamoja. Sikumjua jina lakini nimemwandika hapa.

Nilichomwa sindano, nikapewa vidonge na mkanda wa kufunga kiunoni. Nikaanza kwenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Mara ya nne kwenda kwake aliniambia, "Mzee, haya mazoezi ukiyafanya hapa tu hayatoshi. Kuna muuguzi mstaafu anafundisha yoga, ya taratibu, kwa watu kama wewe. Nenda ukamwone kwanza. Ukimpenda, baki. Usipompenda, rudi tuzungumze."

Mimi yoga nilikuwa nimeiona kwenye simu ya mwanangu Renatus. Vijana wamejikunja kama kamba. Nilijaribu mara moja kufuata simu hiyo, nikashindwa kuitazama na kulala kifudifudi kwa pamoja. Simu haioni unavyokosea. Hilo ni la kwanza ninalokuambia wewe unayeanza.

Kilichonisukuma hasa kilikuwa harusi. Renatus alikuwa amepata mchumba kule Isingiro, Kyerwa, binti anaitwa Editha, na harusi ilipangwa baada ya mavuno yajayo. Kwetu bi harusi akifikishwa nyumbani, wakwe wanampakata. Baba mkwe anakaa kwenye kigoda juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, bi harusi anakalishwa mapajani kwake mbele ya watu wote, baba anamkaribisha kwa kinywa chake, kisha anahamishiwa kwa mama mkwe. Tangu hapo ni mtoto wenu. Baba asiyeweza, ndugu yake anakaa badala yake. Na mimi nina mdogo wangu, Projesti, ambaye mpaka leo anapakia magunia kwenye lori huku anapiga mluzi.

"Kaka, si aibu," Projesti aliniambia, amekaa kwenye kiti changu. "Mimi nitampakata tu. Wewe utasimama pembeni na fimbo yako, utapendeza."

Naomba niwe mkweli, alisema kwa nia njema. Nilimchukia wiki nzima.

Mwalimu wa yoga tulimkuta kwenye ukumbi mdogo anaoazimwa siku za Jumamosi. Anaitwa Mama Koku, mwenyeji wa Muleba, mama mzito, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alijifunza alipokuwa kazini Mwanza. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, na kabla sijavua kandambili akaanza kuniuliza. Panauma wapi? Asubuhi au jioni? Ukikohoa, maumivu yanafika mguuni? Unakwenda chooni bila shida? Aliniuliza mambo ambayo mke wangu peke yake ndiye aliyeyajua. Nikamuuliza na mimi, maana nilikuwa nimeambiwa huu ni uganga wa Kihindi, na mimi naimba kwaya.

"Hapa tunanyoosha viungo na kuvuta pumzi," akasema. "Kuomba utaomba kwenu. Mimi mwenyewe Mlutheri, kesho nina zamu ya kupamba madhabahu."

Yoga yake ilikuwa ya kiti na ukuta. Unashika kiti, unainama nusu, unabaki hapo unahesabu pumzi. Hakuna kuruka. Siku ya kwanza nililala chali miguu juu ya kiti kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua, maumivu yalinyamaza. Yalinyamaza kabisa. Nilisikia machozi yanaingia masikioni. Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika ushuhuda mzuri.

Lakini mke wangu, Mama Rena, alikuwa amekuja kunisindikiza. Alikaa pembeni anasuka ukili. Jumamosi ya pili Mama Koku akamwambia, "Na wewe mama, weka ukili chini. Hapa hatuna watazamaji."

Mama Rena akafunga kanga vizuri, akasimama kwenye mkeka. Mama Koku akasema tuiname taratibu, kila mtu afike anapofika. Mimi mikono yangu ilifika magotini. Wengine walifika kwenye ugoko. Mke wangu aliinama mara moja, miguu imenyooka, viganja vyote viwili vikalala chini kama anapapasa unga.

"Umejifunza wapi?" Mama Koku akauliza.

"Nimeolewa miaka ishirini na nane," akajibu akiwa bado ameinama. "Napalilia maharage ya huyu hapa."

Watu walicheka mpaka mzee mmoja mwenye kifua akaanza kukohoa. Mama Koku akasema, "Mtazameni mama huyu mgongo wake." Wote wakamtazama. Na mimi nikamtazama. Haki lazima isemwe, ulikuwa mgongo mzuri.

Ndipo ilipoanza. Nilikuja kuponywa, akapona yeye ambaye hakuumwa. Kila Jumamosi ilikuwa Mama Rena onyesha hili, Mama Rena wasaidie wale. Nyumbani alikuwa anakata mikungu ya ndizi badala yangu, anapogoa kahawa badala yangu, anachota maji, halafu anainuka asubuhi hana hata panapomuuma pa kushika. Alikuwa akinisaidia hadi chooni, na mimi namshika bega, moyoni nasema, huyu hata kuchoka hajui. Nilitamani apatwe na mafua. Nimeandika na hilo.

Wiki moja nilimdanganya kwamba Mama Koku amesafiri. Nikatoka peke yangu na mkeka wangu, nikijisemea leo nitatazamwa mimi. Nilipoingia mlangoni, mtu wa kwanza akasema, "Mama Rena yuko wapi?" Wa pili akasema, "Leo hukuja na mwalimu wetu?" Mama Koku ndiye hakusema. Alinivutia kiti tu.

Na kuna jambo lingine lililoniuma. Mara tatu mke wangu alikwenda Isingiro kwa wakwe, kupeleka ndizi na kuzungumza mambo ya harusi. Kila mara aliondoka na mkeka wa yoga ameukunja chini ya kwapa. Nikajua anakwenda kuwaonyesha wanawake wa kule anavyojikunja. Nilimuuliza mkeka wa nini.

"Wa kukalia, Baba Rena. Kwani wa kulia?"

Sikuuliza tena, lakini niliwaza mengi.

Mvua za masika zilipokuja, nikaacha kwenda kwa Mama Koku. Niliambiwa kuna kijana kule mjini Kayanga anafundisha yoga ya nguvu, ya watu wa kweli, chumba kina vioo ukuta mzima. Nikasema huko Mama Rena hayupo. Nilimwambia mke wangu naenda kuulizia mbolea.

Kijana alinikaribisha vizuri, ana adabu, sina neno baya juu ya tabia yake. Ila hakuniuliza panauma wapi. Aliniuliza kama nina maji ya kunywa. Mimi nami sikumwambia. Kosa ni la wawili, na la kwangu ni kubwa zaidi kwa sababu mgongo ni wangu. Muziki ukaanza. Inama, panda, shuka, geuka, ruka nyuma. Kwenye kioo nilimwona mzee aliyepinda anafuata nyuma ya wote kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Nikajiambia, leo viganja vitafika chini. Nikavisukuma. Vilifika. Nilivigusa chini kweli, na sikuinuka tena.

Nilirudishwa nyumbani nyuma ya pikapu ya muuza ndizi, nimelala katikati ya mikungu. Mke wangu alitoka mlangoni, akanitazama kwanza mimi, halafu mkeka wangu.

"Mbolea ilikuwa nzito?" akauliza.

Akanivua viatu.

Nikalala sakafuni wiki tano. Kahawa ikaiva, watu wakachuma, nikazisikia sauti zao kupitia dirishani. Projesti akaja kupima mahali kigoda kitakapowekwa, akakaa, akajaribu kuweka mikono kama amempakata mtu. Alikuwa anafanya mzaha. Niligeukia ukuta.

Nilipoweza kusimama, mke wangu mwenyewe alinipeleka kwa Mama Koku, ameshika mkono wangu kama mtoto wa kwenda kuandikishwa shule. Mama Koku alinitazama juu ya miwani.

"Ulikwenda kule kushindana na nani?"

Nikatazama miguu yangu.

"Na mimi," mke wangu akajibu. Alisema tu, kama mtu anayetaja siku ya gulio. Kumbe alijua siku zote. Alijua na habari ya Mama Koku kusafiri, maana siku ile ile alikutana naye dukani. "Ana wivu tangu uchumba, mwalimu. Zamani nilikuwa naupenda."

Mama Koku hakucheka. Alinikalisha kwenye kigoda, magoti yamefunguka, nyayo zote chini, akaniwekea blanketi lililokunjwa mapajani. "Huyu ndiye bi harusi wako kwa wiki hii," akasema. "Vuta pumzi. Ukishindwa, mtoe. Usimwangushe."

Wiki iliyofuata blanketi likawa mfuko wa maharage wa kilo mbili. Halafu tano. Nikifika pumzi ya sita, moto ulikuwa unaanza kwenye kalio, unateremka. Aliniambia nitazame unafikia wapi. Ukiishia gotini, endelea. Ukifika unyayoni, toa mfuko, jaribu siku nyingine. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyonayo ya kukupa, na sikuyatunga mimi. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka wake upande wa pili, anafanya mkao wanaouita kiti, magoti yamekunjwa, makalio hewani kama amekalia kitu ambacho hakipo, anakaa hapo mpaka mapaja yanatetemeka. Nilipomwona, hasira ikanipanda upya. Mimi nakaa kwenye kiti nashindwa, yeye anakalia hewa.

Mpaka harusi inafika nilikuwa nimefikia kilo kumi. Editha hakuwa wa kilo kumi, na mimi hesabu hiyo naijua.

Siku ya harusi msafara ulifika jua likiwa bado juu ya migomba. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa, zinanukia. Projesti amevaa kanzu mpya, amesimama nyuma yangu karibu sana. Shangazi yangu, ndiye mwenye kusimamia mambo haya, akaniuliza mbele ya wote, "Anapakata nani?"

"Mimi," nikasema.

"Kaka..." Projesti akaanza.

"Ameshasema," shangazi akamkata. "Jamani waitu, mleteni mtoto."

Nilikaa. Mke wangu alikaa kwenye mkeka kando yangu. Editha akaletwa, amefunikwa shela, wanawake wawili wamemshika mikono, wakamshusha. Nilifunga macho nikasubiri uzito.

Haukuja. Nilisikia kitambaa cha gauni mapajani, na joto la mtu, na basi. Watu wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, Mungu amenihurumia, ameniletea mkwe mwepesi kama blanketi. Halafu nikahisi mtetemo. Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka juu ya yangu, na niliisikia pumzi yake chini ya shela, inaingia kwa pua, inatoka kwa pua, taratibu, ya kuhesabu.

Binti yule hakuwa amenikalia. Alikuwa amekalia hewa.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama dari, kama mtu anayetafuta panapovuja. Nikakumbuka zile safari tatu za Isingiro, na mkeka chini ya kwapa.

Sitakuficha nilichohisi kwanza. Ulikuwa wivu. Hata hili amelishughulikia yeye, nikawaza, hata mapaja yangu mwenyewe ameyatafutia mtu wa kuyaokoa. Ningeweza kunyamaza. Watu wangesema Baba Rena amepona, amempakata mkwe wake, wala asingejua mtu. Lakini ningemwita yule binti mwanangu kwa miaka yote nikijua sikumbeba hata mara moja.

Nikainama sikioni kwake. "Kaa, mwanangu. Shusha wote."

"Mama amesema nisikulemee, baba," akanong'ona. Sauti inatetemeka na miguu yake.

"Mama amesema. Mimi nasema kaa."

Akakaa.

Nilivuta pumzi. Moto ulishika kalioni, ukashuka pajani, nikaufuata kwa akili kama nilivyofundishwa. Ulifika nyuma ya goti. Ulisimama pale. Nikahesabu pumzi, nikahesabu tena, kisha nikamkaribisha kwa maneno yangu, nikamwambia nyumba hii ni yake, na migomba hii, na kwamba akiumwa asifiche. Hilo la mwisho halimo katika desturi yetu. Lilinitoka tu. Projesti alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni kwangu bila kunisukuma. Na yeye nimwandikie haki yake.

Kisha wakamhamishia kwa Mama Rena, ambaye alimpakata kama anavyopakata kapu la kahawa, anacheka, anamnong'oneza, anamyumbisha. Alikaa naye muda mrefu kuliko mimi. Muda mrefu sana.

Juzi nilikuwa uani naandika haya, nimefika hapo, mke wangu akaja na kisu na ndizi za kumenya, akakaa chini miguu pembeni.

"Umeandika na ile ya kupakata?" akaniuliza.

"Nimeandika."

"Mimi nilikaa naye pumzi ngapi?"

"Sikuhesabu."

Akamenya ndizi ya kwanza, akaitia kwenye maji.

"Thelathini na mbili," nikasema.

"Na wewe?"

"Tisa."

"Saba, Baba Rena." Hakuinua macho. "Nilikuwa nahesabu na mimi. Usiwadanganye wagonjwa wa watu."

Nilikuwa nimeandika tisa. Nimefuta. Ni saba.